Dakika Mbili za Mama

Kazi yangu ni kuchapa. Nina meza, kompyuta na printa ndani ya kibanda karibu na mahakama ya Makadara, na kutoka asubuhi hadi jioni watu huniletea shida zao nizigeuze kuwa karatasi: hati za kiapo, barua za kuomba dhamana, malalamiko kuhusu shamba la marehemu. Kazi hii imenifunza jambo moja, nami nimelishika kama dini. Kisichoandikwa hakikusemwa. Unaweza kulia mbele ya hakimu mpaka macho yafure, lakini kama karani hakuandika, ulikuwa unajililia mwenyewe.

Nasema haya ili uelewe hofu niliyoingia nayo katika ukumbi wa mtaa wetu siku ile ya kikao cha bajeti.

Baba yangu alipata kiharusi mwaka uliotangulia. Maisha yake yote alikuwa dereva wa lori, mtu wa kuondoka na kurudi, na sasa alikuwa hawezi kutoka kitandani hadi mlangoni bila kushikwa. Upande wa kulia ulikufa ganzi. Maneno yalimwishia pia, akabaki na machache ambayo ni mama peke yake aliyeyaelewa. Zahanati ya mtaa ilikuwa na chumba kimoja nyuma, kando ya tangi la maji, ambamo kila Jumanne na Ijumaa mtaalamu wa viungo alikuja kuwanyoosha watu. Sisi tulikiita chumba cha fizio. Mama alimsukuma baba mpaka huko kwa kiti cha magurudumu, dakika kumi kama njia haina matope, nusu saa kama mvua imenyesha. Hospitali kubwa yenye huduma hiyo iko ng'ambo ya pili ya jiji, na makondakta wa matatu wakiona kiti cha magurudumu huwa wanageuka vipofu. Chumba kile kikifungwa, baba angebaki amelala. Sijui namna nyingine ya kulisema.

Muuguzi mkuu wa zahanati ndiye aliyetushtua. Siku moja aliwapitia watu waliokuwa kwenye benchi nje ya chumba, akainama kama anayeokota kitu, akasema, "Mmeona bajeti? Wanataka hiki chumba kiwe cha kuweka mafaili. Mkinyamaza, Julai ni kufuli."

Niliitafuta ile rasimu ya bajeti kwenye mtandao, kitabu kizima cha Kiingereza kigumu, nikakipekua nikiwa kibandani huku wateja wananisubiri. Nilikipata chumba chetu. Kilikuwa mstari mmoja, chini ya ukarabati wa zahanati: chumba cha tiba ya viungo kigeuzwe kuwa chumba cha kumbukumbu. Niliusoma mstari ule mara tatu.

Tangazo la kikao lilibandikwa kwenye lango la chifu. Wananchi wote wa wadi walikaribishwa kutoa maoni kabla bajeti haijapitishwa, kila kikundi kitoe msemaji mmoja, kila msemaji dakika mbili. Basi watu wa benchi wakakutana, familia saba au nane hivi, kuchagua msemaji. Mimi sikuona haja ya kuchagua. Ni mimi niliyeisoma bajeti na ni mimi ninayeishi kwa maneno. Nikasema niko tayari.

Mama mmoja jirani yetu, ambaye mtoto wake alizaliwa na miguu dhaifu na alikuwa akienda chumba cha fizio tangu akiwa mchanga, akacheka na kunishika goti. "Wewe dadangu tunakupenda, lakini utawatusi hawa watu kabla hujamaliza kusalimia."

Wote wakacheka. Hawakuwa wamesahau siku nilipomwita karani wa chifu mwizi mbele ya foleni nzima, na kumbe alikuwa ameenda tu kutafuta wino. Wakamchagua mama. Mama ni kiongozi wa akina mama kanisani, amezika, ameozesha, amepatanisha wagomvi, na akisimama kuongea hata walevi hunyamaza. Nilikubali huku nimenuna.

Nilimwandikia hotuba. Niliipima kwa saa ya simu, nikakata neno hapa na neno pale, mpaka ikatoshea ndani ya dakika mbili na ikabaki nafasi ya kuvuta pumzi. Ilikuwa na kila kitu: kifungu cha bajeti, ukurasa, wagonjwa wanaotegemea chumba, na ombi letu kwamba mstari ule ufutwe. Mama aliisoma kwa miwani yake, akaigeuza karatasi kutazama nyuma, akaniuliza, "Na salamu ziko wapi?"

"Hakuna salamu, mama. Ni dakika mbili."

"Nisimame mbele ya watu nianze tu? Kama mwizi aliyeruka ukuta?"

"Anza na shida. Mwenye shida anaanza na shida."

"Mwenye shida ndiye anayesalimia zaidi," akasema. "Heshima si utumwa."

Tulibishana siku tatu. Mwisho alikubali kusema "Bwana asifiwe" mara moja, watu waitikie, kisha aingie kwenye ukurasa wa bajeti. Alikubali kirahisi mno. Ningepaswa kushuku.

Siku ya kikao nilifunga kibanda mapema nikaenda. Ukumbi ulikuwa umejaa mpaka madirishani. Vijana walikuja kuomba taa za uwanja, wenye maduka walikuja kwa ajili ya mtaro unaofurika, na kundi kubwa lilikuja kwa sababu lilisikia kuna soda. Mbele kulikuwa na meza ndefu yenye kitambaa cha buluu, na nyuma yake watu wa bajeti. Mwenyekiti wa kikao alikuwa bwana mmoja mnene wa koti la kijivu, mwenye sauti ya upole, aliyekuwa na kengele ya mkononi iliyoazimwa shule ya chekechea. Pembeni yake karani aliandika kwenye kompyuta ndogo. Nilitafuta mahali ambapo ningeona vidole vya karani yule. Nilipata pa kusimama, nyuma kabisa, kando ya mlango.

Mama alikaa mstari wa mbele na mama wa yule mtoto. Baba tulimwacha nyumbani na shangazi.

Dakika mbili za mwenyekiti zilikuwa dakika mbili kweli. Kijana wa taa za uwanja alikatizwa katikati ya neno. Mwenye duka mmoja alianza na historia ya mtaro tangu enzi za mkoloni, kengele ikalia maji yakiwa bado hayajafurika. Kila kengele ilipolia, karani aliacha kuandika. Niliona kwa macho yangu, vidole vinainuka juu ya vitufe na kutulia. Nikahesabu vikundi vilivyobaki. Vitatu. Viwili. Kisha mwenyekiti akaita watu wa zahanati.

Mama akasimama. Alikuwa amevaa kitambaa chake cha kanisani, na karatasi yangu ilikuwa mkononi, imekunjwa mara nne. Hakuikunjua.

"Bwana asifiwe."

"Amina," ukumbi ukaitika.

Nikawasha saa ya simu. Sasa, mama. Sasa.

"Mungu ni mwema."

"Kila wakati!"

"Na kila wakati?"

"Mungu ni mwema!"

"Na ndugu zetu Waislamu kutoka Majengo, nawaona pale, asalaam aleikum."

Wazee wawili wa kofia wakaitika kwa furaha. Nikaitazama simu, nikamtazama mama, nikatamani kuruka juu ya vichwa vya watu. Akamsalimu mwenyekiti. Akawasalimu maafisa mmoja mmoja, hata karani, ambaye aliinua kichwa kwa mshangao na kutabasamu. Akamsalimu chifu aliyekuwa hayupo, na mwakilishi wa mheshimiwa aliyekuwa akitazama simu yake. Itifaki yote akaizingatia. Kisha akataja majina yake yote matatu, akasema nyumba yetu iko safu gani, akasema aliletwa katika mtaa huu akiwa bibi harusi, ni mke wa mume mmoja, na watoto wake wote walichanjwa katika zahanati ile ile.

"Mama, tafadhali," nikasema. Nilikusudia kunong'ona. Watu watatu waligeuka.

"Kwa hivyo kwanza nataka kuishukuru kaunti," mama akaendelea, polepole, kama aliyekaribishwa chai. "Nashukuru kwa zahanati. Nashukuru kwa muuguzi wetu, nashukuru kwa dawa zikiwepo, na hata zisipokuwepo tunashukuru kwa kuambiwa ukweli."

Ukumbi ukacheka. Mwenyekiti akacheka pia, mabega ya koti la kijivu yakitikisika. Karani alikuwa akiandika kwa kasi. Mimi nilikuwa sicheki. Simu ilikuwa imepita dakika moja na nusu, na chumba cha fizio kilikuwa bado hakijatajwa. Nilihisi ni baba aliyekuwa akipita kati ya vidole vyangu.

"Sasa nimesimama hapa, bwana mwenyekiti, kwa sababu ya—"

Kengele.

Karani akainua vidole.

"Mpee mama!" mtu akapaza sauti. "Mpee amalize!" wengine wakadakia. Mama alibaki amesimama, karatasi mkononi, akimtazama mwenyekiti bila wasiwasi wowote. Mwenyekiti akainua mkono kuutuliza ukumbi, akamgeukia karani, akafungua kinywa.

Hapo ndipo nilipolipuka.

"Dakika mbili za nini?" nilipiga kelele kutoka mlangoni. "Watu wanaumwa na nyinyi mnatuhesabia dakika? Si mlishaamua! Mnakuja hapa kutuchezea kiini macho, mkishamaliza mnaenda kufunga chumba! Semeni tu mmeamua!"

Ukumbi ulipokea moto wangu kama nyasi kavu. Vijana wa taa wakaanza kupiga viti. "Wanatubeba ufala, wanatuona wajinga!" mmoja akaita. Mwenye mtaro akasimama tena. Niliendelea kupiga kelele, hata sikumbuki yote niliyosema, nakumbuka tu kwamba kwa muda mfupi nilijisikia vizuri, vizuri mno, na aibu ya kulikumbuka hilo bado ninayo. Mwenyekiti aligonga kengele mara nyingi. Tabasamu lilikuwa limemtoka.

"Madam, wewe hapo nyuma, keti ama utoke. Hiki ni kikao cha wananchi, si cha fujo. Mama, asante sana, keti. Kikundi kinachofuata."

Mama akasema asante, akaketi.

Nje, baada ya kikao, watu walipokuwa wanagombania soda, yule jirani yetu alinifuata akiwa amembeba mwanawe mgongoni. Hakuwa na kicheko siku hiyo. "Alikuwa anampea," akaniambia.

"Nani? Nini?"

"Mwenyekiti. Mimi nilikuwa mbele, nilimsikia. Alimwambia karani, andika, mwongezee mama dakika moja. Halafu wewe ukaanza." Akamrekebisha mtoto mgongoni. "Sauti yako ikafunika."

Alikuwa amenionya goti langu likiwa mkononi mwake, na wote walikuwa wamecheka. Hasira hasara, wanasema, lakini hasara ile haikuwa yangu peke yangu. Miguu ya mtoto wake ilikuwa inaning'inia pale mbele yangu, na viatu vyake vilikuwa safi kabisa upande wa chini.

Wiki ile nilijaribu kuzoa maji yaliyomwagika. Niliichapa hotuba upya kama barua rasmi, nikaipeleka mjini mwenyewe kabla ya siku ya mwisho ya kupokea maoni ya maandishi, nikagongewa muhuri kwenye nakala yangu. Nilitembea na nakala ile ndani ya mkoba kama hirizi. Mama hakuniuliza kitu. Alimpeleka baba Jumanne, akampeleka Ijumaa, akarudi akaniambia baba anawasalimia watu wa kazini kwangu, watu ambao baba hakuwajua.

Ripoti ya maoni ya wananchi ilitolewa mvua zilipokuwa zinaisha. Niliifungua kibandani, mteja mmoja akisubiri hati yake ya kiapo. Nilitafuta wadi yetu. Taa za uwanja zilikuwepo. Mtaro ulikuwepo. Iliandikwa kwamba maoni ya maandishi nayo yalipokelewa, bila kusema ni ya nani wala yalisema nini. Iliandikwa kwamba kikao kiliendeshwa kwa amani isipokuwa usumbufu mdogo wa mtu mmoja. Na chini ya afya, mstari mmoja tu, ambao nitautafsiri kadiri niwezavyo: mkazi mmoja aliishukuru kaunti kwa huduma nzuri za zahanati.

Ni kweli mama aliyasema. Karani aliandika alichosikia. Nilichapa hati ya yule mteja ikatoka na makosa matano katika ukurasa mmoja, akanirudishia bila kulalamika.

Julai kufuli likawekwa. Mtaalamu wa viungo alihamishiwa kwingine, kitanda na vyuma vya kushikilia vikatolewa nje na kufunikwa kwa turubai kando ya tangi la maji. Benchi liliachwa, na kwa muda mrefu watu wa benchi waliendelea kupitia pale Jumanne na Ijumaa, wakaketi kidogo, wakasalimiana, wakarudi nyumbani.

Nilikaa na ile ripoti karibu mwezi mzima kabla ya kumwonyesha mama. Ilikuwa Jumapili mchana, ametoka kanisani, ameketi jikoni anachambua maharagwe kwenye sinia. Nikamsomea ule mstari. Nilimsomea taratibu kwa Kiswahili, na nilipofika mwisho nilikuwa nalia. Nikamwambia na lile lingine, lile nililokuwa nimelificha, kwamba mwenyekiti alikuwa anamwongezea dakika moja na ni mimi niliyemnyang'anya.

Mama akatoa jiwe kwenye maharagwe, akaliweka kando.

"Najua," akasema. "Nilimwona akiinua kidole kimoja. Hivi."

"Ulijua siku zote hizi?"

"Mtu ukimsalimia vizuri hakukatizi hivi hivi, mwanangu. Lazima akuongezee kidogo. Hata yeye ana mama." Alisema bila kunilaumu, kama anayenieleza namna ya kupika kitu ambacho ningepaswa kukijua zamani. "Sikuwa nimesahau muda. Nilikuwa nauomba."

Nilikaa chini kwenye kigoda cha jikoni. Kwa siku zile zote nilikuwa nimejiambia kwamba kosa lilikuwa letu sote wawili, yeye kwa salamu zake na mimi kwa hasira zangu, nusu kwa nusu. Nilikuwa nimelala vizuri kwa hesabu hiyo.

"Na hiyo dakika angekupa," nikamuuliza, "ungesoma ile karatasi?"

"Hapana. Karatasi yako ilikuwa nzuri, lakini ilikuwa ya korti." Akazungusha sinia, akapuliza maganda. "Ningewaambia tu kwamba Jumanne ile, siku mbili kabla ya kikao, baba yenu alishika kijiko."

"Alishika kijiko?"

"Kwa mkono wa kulia. Mtaalamu alimwekea uji, akamwambia jaribu. Uji ulimwagika wote kifuani, lakini kijiko hakikuanguka. Alikishika mpaka mdomoni."

Sikuwa nimejua. Tulikuwa tumekaa nyumba moja, tumebishana siku tatu juu ya salamu, na hakuwa ameniambia.

"Kwa nini hukuniambia, mama?"

"Nilitaka ulisikie pale ukumbini," akasema, "pamoja na watu wote. Nilijua ungefurahi."

Niliinuka nikaenda chumbani. Baba alikuwa amelala chali, macho wazi, redio ikiongea peke yake dirishani. Mkono wake wa kulia ulikuwa juu ya blanketi, vidole vimejikunja ndani ya kiganja. Niliketi kando yake nikauchukua. Ulikuwa mgumu kuliko nilivyokumbuka. Nikajaribu kuvinyoosha vile vidole kama nilivyowahi kumwona mtaalamu akifanya, lakini sikujua nianzie kidole kipi, gumba au cha mwisho, na nilipomuuliza baba alinijibu neno ambalo sikulielewa.